Wageni wa Mashindano na Chumba cha Mama Mkwe

Kijiwe chetu ni benchi moja refu lililoegemea ukuta wa duka la dawa, mkabala na kinyozi. Mimi ni fundi cherehani, mashine yangu iko pembeni ya benchi, kwa hiyo nasikia yote, hata nisiyoyataka. Kijiwe kina sheria moja tu, na ndiyo inayotuponza: anayewanunulia wenzake kahawa haulizwi habari zake kazitoa wapi. Atakachosema mnakimeza pamoja na kahawa yake. Asubuhi ile mnunuzi alikuwa Kamati, karani mstaafu ambaye hajawahi kuiona kamati akaacha kuingia. Alikuja amechomekea shati, akamwambia mama wa kahawa amimine vikombe vinne.

Kamati: Jamani, baraza la jiji limepitisha. Kile chama cha kuvuta mashindano kinapewa ruzuku tena.

Wembe: Chama kipi?

Huyo Wembe ndiye kinyozi. Alikuwa amemwacha mteja kwenye kiti, povu limejaa kidevuni.

Kamati: Kile chenye ofisi ya mlango wa kioo, ghorofani juu ya benki. Kazi yake ni kuwashawishi wenye mashindano ya michezo waje kuyafanyia hapa kwetu. Wageni wanakuja, wanalala, wanakula, jiji linanenepa.

Wembe: Na chenyewe kinapata nini?

Kamati: Hakipati kitu. Ni chama kisichotafuta faida.

Wembe: Mimi faida sijaiona miaka yote hii, mbona ruzuku sipewi?

Kamati: Wewe unaitafuta huipati. Wao hawaitafuti kabisa. Kisheria hayo ni mambo mawili tofauti.

Mimi: Mwaka jana si walipewa vilevile? Tulimwona mgeni gani?

Kamati: Mwaka jana walikuwa wanavuta. Kuvuta kunataka muda.

Wembe: Kwani wanavuta kwa kamba?

Kamati: Kwa chakula cha jioni. Unawaita wakubwa wa michezo, unawalisha, wakishiba unawauliza mashindano yao wanayapeleka wapi.

Wembe: Na wasiposhiba?

Kamati: Ndiyo maana ruzuku inaombwa kila mwaka.

Wa nne pale benchini alikuwa Spana. Spana ni fundi baiskeli, na katika sisi wote yeye ndiye mwenye moto mguuni, akisikia neno hukimbilia kulitenda. Siku moja huko nyuma, Kamati aliponunua kahawa akasema kila nyumba yenye chumba cha ziada itapewa wageni wa mashindano, Spana alirudi nyumbani akakitengeneza hicho chumba cha ziada. Namna alivyokitengeneza ni kwamba alimtoa mama mkwe wake. Akampeleka kwa shemeji, upande wa pili wa jiji, eti kwa muda tu, akapaka rangi, akaingiza vitanda viwili na pazia jipya. Pazia nilishona mimi. Tangu hapo chumba kinanukia rangi, hakijalaliwa hata na paka.

Spana: Kwa hiyo sasa wanakuja?

Kamati: Ruzuku imepita, bwana. Unataka nini tena?

Spana: Nataka siku. Mke wangu anaongea na mimi kupitia mtoto. "Mwambie baba yako chakula kipo." Jana kaongeza, "Mwambie baba yako mama yangu analala sebuleni kwa kaka, miguu ameipenyeza chini ya meza."

Kamati: Vumilia. Wageni wakishaanza kukulipa, atakuita kwa jina la utotoni.

Niliona huruma, kusema kweli, na hapo hapo nikaona hasira. Mtu mzima na akili zake anamhamisha mama wa mkewe kwa kikombe cha kahawa. Lakini kahawa ilikuwa ya Kamati, na mimi nilikuwa nimeshainywa.

Wembe: Mama, tumiminie tena, ya kwangu hii. Sasa nisikilizeni. Mnadhani haya mashimo ya barabarani jiji limeyasahau?

Spana: Si limeyasahau.

Wembe: Hayajasahauliwa, yanatunzwa. Mkimbiaji wa nje amezoea lami laini. Akifika hapa, hatua mbili kifundo kimeteguka. Vijana wetu wanayajua mashimo yote, hata yale yaliyojaa maji. Medali zote zinabaki hapa hapa.

Kamati: Hilo lina mantiki. Hata taa za barabarani zisizowaka nazo ni hivyo hivyo.

Mteja wa Wembe alichungulia mlangoni, akasema povu limeanza kukauka. Wembe akamwambia asubiri, tunazungumzia maendeleo.

Na mimi nikanogewa, nisingizie nini. Nikaagiza raundi ya tatu.

Mimi: Mmesahau maji. Kwa nini mabomba yanatoa hewa tupu wiki nzima? Kwa nini tunapandisha madumu hadi ghorofa ya nne? Tuko kambini, jamani, tunafanyishwa mazoezi bila kuambiwa. Mke wa Spana siku yoyote ataitwa timu ya taifa.

Walicheka wote. Spana naye alicheka, akapata nguvu.

Spana: Basi niongeze kitanda cha tatu. Hao wachezaji ni warefu?

Kamati: Wapo warefu, wapo wafupi. Ni mambo ya kimataifa.

Spana: Nitavirefusha vyote kwa vyuma vya baiskeli, nisije nikaaibika.

Hapo ndipo mama mmoja alipokunja kona ya duka la dawa, begi mkononi, kanga kaifunga kiunoni. Spana alisimama kabla sijajua kwa nini. Kisha nikamtambua. Tukasimama wote.

Wembe: Shikamoo mama.

Mama mkwe: Marahaba wanangu. Kaeni tu.

Hakuna aliyekaa. Alikaa yeye, katikati ya benchi, begi miguuni. Mama wa kahawa alimnyooshea kikombe, akakataa kwa kichwa. Hakuwa amenywa cha mtu, kwa hiyo sheria yetu haikumhusu.

Mama mkwe: Mkwe wangu, sikuja kugombana. Nina swali moja, binti yangu nimemuuliza hajui. Hao watu mlionitoa kitandani kwa ajili yao, wanakuja kucheza mchezo gani?

Spana alimtazama Wembe. Wembe akamtazama Kamati.

Kamati: Ni mchezo, mama, wa kimataifa.

Mama mkwe: Nimesikia. Una mpira?

Kamati: Kwa hatua hii bado...

Mama mkwe: Unachezwa wamesimama au wamekaa?

Mimi nilishika kitambaa nilichokwisha kukishona, nikakipitisha tena kwenye mashine.

Spana: Sijui, mama. Sikuuliza.

Aliyasema kwa sauti ndogo, kichwa chini, na aibu ilimjaa hadi shingoni. Mama mkwe akasimama. Spana akawahi kulibeba begi.

Mama mkwe: Haya. Mimi naenda kulala. Akitokea mchezaji, mwambieni chumba kina mwenyewe.