Ornella Zanfrini na Dhahabu ya Hadriano

Ndugu, majirani na marafiki mliofika kanisani, nasoma haya mimi mumewe, Renzo, kwa kuwa watoto wameniomba.

Ornella alizaliwa Comacchio tarehe 14 Machi 1957, mtoto wa pili wa mzee Alvise, msindika samaki aina ya mikunga, akasoma huko huko, akahitimu historia ya kale Chuo Kikuu cha Padova mwaka 1981, na mwaka uliofuata akaajiriwa na makumbusho ya mji wetu kutunza sarafu. Tulifunga ndoa tarehe 2 Juni 1984, tukajaliwa Nives na Corrado.

Katika sarafu zote aliipenda moja, ya dhahabu, yenye sura ya Kaisari Hadriano, na mwaka 1991 aliibonyeza kwenye jasi laini, kama ilivyo desturi ya watunzaji, ili alama yake ibaki. Mwaka 2016 ilipelekwa kwenye maonyesho nje ya nchi, ikisindikizwa na wafanyakazi wawili, yeye hakuwemo, na iliporudi aliiweka ndani ya alama ile, ikacheza humo kwa kupwaya. Dhahabu ikiyeyushwa na kumiminwa upya hunywea kidogo inapopoa, hivyo nakala huwa ndogo kuliko ya asili. Aliripoti siku hiyo hiyo, mkurugenzi akajibu kwamba jasi hupanuka kwa uzee, jambo ambalo mimi, niliyefundisha kemia maisha yangu yote ya kazi, sijapata kuliona, kisha akamuuliza ufunguo wa kabati hukaa kwa nani, akijua vema kwamba hukaa kwake.

Alihamishiwa kwenye stoo ya vyungu. Baani walimtania, Gino muuzaji akitangulia, "Ornella, leo kahawa unalipa kwa dhahabu?" naye akajibu, "Ile ya kabatini? Kwa ile hata chenji hupati, Gino," wakacheka wote, ila nyumbani hakucheka.

Aliugua kongosho Oktoba 2018, akafariki tarehe 9 Februari 2019, akiwa bado anaitwa mwizi na watu wasiothubutu kulitamka neno hilo mbele yake.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotuletea supu kila jioni, na wafanyakazi wenzake waliofika, akiwemo mmoja wa wale wawili waliosindikiza sarafu, ambaye nimemwona ameketi karibu na mlango. Shada lililotumwa na makumbusho nimeomba libaki nje, mpaka sarafu ipimwe na wataalamu wasio wa makumbusho.

Pumzika kwa amani, Ornella, kuuliza sasa ni kazi yangu.