Bi Kulthum na Siku Thelathini za Kuulizwa

Ijumaa hii, tarehe 19 Julai 2019, saa kumi na moja jioni, Bi Ummukulthum Talib Mbarouk atakabidhi funguo za Chuo cha Watu Wazima cha Heron Lane, Ilford, baada ya miaka thelathini na sita ya kazi. Nasema atakabidhi, ingawa sote tunajua zipo funguo nyingine kwenye mkoba wake ambazo hazimo kwenye orodha yoyote.

Mimi, Winifrida wa Ofisi ya Mitihani, nimepewa ukurasa huu wa Kiswahili wa jarida letu nimwandikie wasifu. Nimeuanza mara nne. Kila nikifika aya ya tatu nainuka kwenda kuchemsha chai, na chai yenyewe siinywi. Sababu nitaisema kabla ukurasa haujaisha, naomba mnivumilie.

Bi Kulthum alizaliwa Wete, Pemba, mwaka 1953. Baba yake, Mzee Talib, alikuwa mudir, yaani ofisa aliyetumwa na serikali kusimamia eneo na kuamua kesi ndogondogo za watu. Familia ilihamia London mwaka 1971, ikakaa Thornton Heath, na huko ndiko anakokaa mpaka leo. Septemba 1983 aliajiriwa hapa kufundisha historia, akapewa mada ambayo kila mwalimu alikuwa ameikwepa: jinsi wafalme wa Uhispania walivyokusanya madaraka ya nchi nzima mkononi mwao. Waliomgawia walidhani wamempa adhabu. Yeye aliipenda siku hiyohiyo, na kwa miaka yote hii hajakubali kumwachia mtu mwingine.

Somo lenyewe nalijua, maana chumba chake kimepakana na ofisi yangu na ukuta ni mwembamba. Malkia Isabella na mumewe Ferdinand walikuta kila mji wa Kastilia, kitovu cha Uhispania, una wakubwa wake, na kila bwana ana ngome yake na askari wake. Wakaanza kukusanya. Ngome za wakaidi zilibomolewa. Kwenye baraza kuu waliingizwa wanasheria wengi, watu wasio na nasaba ndefu, ambao vyeo vyao vilitoka kwa wafalme na kwa hiyo waliwasikiliza wafalme. Na katika kila mji mkubwa alipelekwa mtu wao, asiye mzaliwa wa hapo, aliyeitwa corregidor. Bi Kulthum hakuona haja ya kuwachosha wanafunzi kwa neno hilo, akalifasiri kuwa mudir.

Mwaka 1994 wanafunzi wake wanne waliandika "mudir" kwenye mtihani wa taifa, tena kwa kujiamini, kama vile Malkia Isabella mwenyewe ndiye aliyelitamka. Msahihishaji alituma barua kuuliza neno hilo limetoka kitabu gani. Bi Kulthum alimjibu kwa kurasa tatu, akaambatanisha na ramani ya Pemba. Wote wanne walifaulu.

Mwaka 2002 alipandishwa kuwa makamu mkuu wa chuo, na hapo tukagundua kwamba lile somo lilikuwa mazoezi tu. Heron Lane ya wakati ule ilikuwa Kastilia tupu. Harjit wa jiografia alikuwa na mashine yake ya fotokopi ambayo hata mkuu wa chuo aliiazima kwa adabu. Indu wa ushonaji alikuwa na ufunguo wa ukumbi ambao hakuna fundi aliyeweza kuuchonga wa pili. Kila idara ilikuwa na ratiba yake na birika lake. Ndani ya miaka miwili birika likawa moja, ratiba ikawa moja, na kila karatasi ya chuo hiki ikawa inapita mezani kwa Bi Kulthum na kurudi na maneno ya wino wa kijani pembeni, na saini: U.T.M. Kitukuu wa Isabella, Mfalme Philip wa Pili, naye alitawala hivyohivyo, kalamu mkononi, akiandika pembeni mwa barua za nchi nzima huku watu wakisubiri majibu mpaka wakakata tamaa. Nasi tulisubiri kalamu za ubao wiki sita.

Nisimwonee, faida tuliziona. Tangu alipokusanya hayo yote hakuna karatasi ya mtihani iliyopotea, na wakaguzi walioingia hapa wamekunja uso wametoka wanatabasamu. Zaidi ya watu mia tisa wamefanya mtihani wa historia kupitia kwake, wengi wao baada ya kutwa nzima ya kutunza wazee au kusimama dukani. Mmoja alikuwa dereva wa basi namba 25, leo ni wakili. Bado anamwita "Miss", na bado anaogopa kuchelewa.

Sasa nifike kwenye tangazo. Katika yale aliyofundisha, alilolipenda kuliko yote ni hili: mudir wa Kastilia alipomaliza muda wake hakuruhusiwa kuondoka mjini. Alikaa siku thelathini, hakimu akaja, mbiu ikapigwa, na yeyote aliyeonewa, hata muuza mboga, akapata nafasi ya kusema mbele za watu, na mudir akalazimika kumjibu. Utaratibu huo uliitwa residencia, yaani kukaa. Basi tarehe 20 Juni, Bi Kulthum alibandika karatasi ubaoni karibu na mapokezi. Juu, kwa herufi kubwa: UMMUKULTHUM T. MBAROUK. RESIDENCIA. SIKU 30. Maelezo yalikuwa chini, kwa herufi ndogo, na hakuna aliyeyafikia.

Chuoni kwetu neno linaloanza hivyo halisomwi kwa utulivu. Karibu kila mmoja wetu amewahi kusubiri bahasha ya Home Office, wizara inayotoa kibali cha kuishi nchini, yaani residence. Kokila wa mapokezi, mtoto wa Dar es Salaam, alipanda ngazi mbio. "Arre Wini, come quick! Home Office wamempa Bi Kulthum thirty days tu! Miaka yote hii!" Harjit alisimama pale pale na kikombe chake. "Hii ni unlawful kabisa. Cousin yangu ni solicitor, leo leo ataandika." Kufika saa nane mchana tulikuwa na saini mia mbili na kumi na mbili za kuipinga serikali. Mimi niliweka mbili, ya pili ya mume wangu, ambaye hajui mpaka leo.

Bi Kulthum alitoka darasani akatukuta tumejipanga korido nzima. Aliisoma karatasi yetu yote, akakaa kitini, akacheka mpaka akavua miwani. Kisha akatoa kalamu ya kijani, akasahihisha tahajia, na pembeni akaandika: "Hoja nzuri, ushahidi hafifu. U.T.M."

Baada ya kicheko hicho, sanduku la malalamiko liliwekwa kando ya birika. Ni sanduku la viatu lililofunikwa karatasi ya maua, na sharti ni moja, kwamba asiyeweka jina lake hasikilizwi. Mpaka leo Jumanne, siku ya ishirini na saba, zimeingia karatasi tatu. Moja ni ya Harjit, inamsifu. Nyingine inauliza birika la zamani la jiografia liko wapi. Ya tatu ni kadi yenye picha ya paka. Zote amezirudisha kwa wenyewe, kwa maelezo kwamba hazijakidhi swali.

Nilidhani angefurahi. Badala yake amekuwa hatulii. Anapita pale mara tano kwa siku, analinyanyua sanduku, analitikisa, analirudisha. Wiki iliyopita nilimwambia kwa utani kwamba basi hana dhambi, aende zake akapumzike. Alinitazama kwa namna ambayo sijawahi kutazamwa naye. "Sanduku tupu si cheti, Wini. Ama watu wanamuogopa mtu, ama hawakuulizwa sawasawa."

Siku hiyo tulipanda treni pamoja kutoka Ilford, na ndipo aliponieleza habari za baba yake, ambazo sikuwahi kuzisikia kwa miaka ishirini na miwili niliyofanya naye kazi. Baada ya Mapinduzi ilivuma kwamba mamudir wa zamani wataitwa wahojiwe. Mzee Talib alivaa joho lake, akaweka kiti mbele ya nyumba, akasubiri siku kumi na tatu. Hakuwa akiogopa. Aliwahi kumnyang'anya mtu mmoja kipande cha shamba kwa hukumu ambayo baadaye aligundua ilikuwa ya makosa, na alitaka aulizwe ili aseme hivyo hadharani. Hakuja mtu. Ililetwa karatasi ya mistari miwili, kwamba huduma yake haihitajiki tena. Alifariki Thornton Heath mwaka 1988, na mpaka mwisho alikuwa akianza mazungumzo mezani na maneno yaleyale: "Wakiniuliza, nitawambia..." Mtoto wa miaka kumi aliyempelekea kahawa kwenye kile kiti alikuwa Bi Kulthum.

"Mie sitaki kadi, mdogo wangu," aliniambia tukikaribia Stratford. "Nnataka niulizwe."

Tangu hapo na mimi silali vizuri, kwa sababu mwenye lalamiko ni mimi. Ndiyo sababu ya chai zote zile. Nilifikiri kuliandika na kulitumbukiza sandukuni, lakini wewe mwenyewe, Bi Kulthum, umefundisha kwamba mambo haya husemwa mbele za watu. Basi kuanzia hapa nasema na wewe.

Kuanzia mwaka 2006 nilifundisha Kiswahili kwa watoto kila Jumamosi, chumba namba sita. Machi 2009 ulikusanya madarasa yote ya lugha chini ya ratiba moja, na ukaweka kanuni kwamba darasa lisilofika watoto kumi na wawili lifungwe. Karatasi yangu ilirudi na wino wa kijani: "11. Funga. U.T.M." Ninayo kwenye droo. Wa kumi na mbili alikuwa nyumbani ana tetekuwanga, na jina lake ni Koku, mwanangu. Alikuwa na miaka minane. Kila Jumapili bibi yake alipiga simu kutoka Tanga, na Koku alielewa kila neno, akajibu "Yes, Bibi", basi. Mwisho yule bibi akawa anamwita mjukuu wake Yesibibi, kwa kucheka, mpaka alipofariki mwaka 2015. Mimi nilicheka nao. Sikukwambia kitu, kwa kiburi, na nimekunywa chai nawe miaka kumi nikiwa na hilo moyoni. Darasa lingeweza kufungwa kwa haki, sijui. Lakini ulikuwa umbali wa ukuta mmoja, na hukuniuliza.

Naandika hivi kwa sababu nakupenda, na hakuna mtu aliyenifundisha kazi kama wewe.

Kwa niaba ya wote wa Heron Lane, asante kwa miaka thelathini na sita, kwa madereva waliogeuka mawakili, na kwa wino wa kijani, hata ule ulioumiza. Tunakuombea afya, asubuhi zisizo na treni, na miaka mingi ya raha pamoja na wajukuu wako. Lakini kuondoka bado. Kwa sheria uliyotufundisha, mudir haondoki mjini kabla hajajibu. Jumamosi saa nne asubuhi chumba namba sita kitakuwa wazi, na safari hii ufunguo ninao mimi. Koku atakuwepo, ingawa najua atakusalimia kwa Kiingereza. Baba yako alisubiri siku kumi na tatu asije mtu. Wewe umepata mtu siku ya ishirini na saba, na jina ameweka. Kiti chako nitakitoa mwenyewe.

Njoo ukae.