Imejaa na Haina Kitu

Kwenye kona moja ya Migosi, kando ya kibanda cha kahawa cha Jacinta, kuna benchi ambalo mguu wake mmoja ni matofali mawili. Wanaolikalia wanajulikana. Oluoch, fundi wa redio, huitwa Injinia, ingawa redio zingine zimekaa kwake mpaka wenyewe wamezisahau. Absalom, karani mstaafu, huitwa Hansadi, maana anakumbuka kila neno lililowahi kusemwa hapo, hata yale ambayo waliosema wameshayakana. Alhamisi hiyo asubuhi Calvince alikaa katikati yao na kikombe mkononi, na hakunywa. Jumamosi dada yake Shantel alikuwa anaolewa. Baba yao, wiki chache kabla ya kufariki, alikuwa amerekodi video ya kumbariki siku hiyo, na video hiyo ilikuwa pahali pamoja tu: kwa kompyuta kuukuu ambayo Calvince aliigeuza kuwa seva ya nyumbani, ghala la picha na video za familia, kwa sababu simu huibwa. Juzi stima ilipotea, ikarudi. Tangu irudi, albamu ya picha hizo kwenye simu yake ilikuwa nyeupe. Shantel hakuwa amejua bado.

— Inaniambia hakuna picha hata moja, Calvince akasema. Halafu inaniambia nafasi imejaa.

— Imejaa na haina kitu, Injinia akarudia polepole. Hiyo ni stima, omera, ndugu yangu. Ilirudi na nguvu ikasukuma kila kitu kwa kona moja.

— Na mashine inatoa sauti? Hansadi akauliza.

— Inavuma tu kama kawaida.

— Basi ni tupu. Debe tupu haliachi kuvuma. Wahenga walijua kompyuta mapema.

Calvince alijaribu kueleza. Programu ya picha inakaa ndani ya kontena, na...

— Kontena? Hansadi akamkata. Hapo sasa umesema. Kontena ikikaa bandarini bila mwenyewe, inapigwa mnada.

— Si ya chuma, mzee. Ni kama chumba. Programu inafungiwa humo isisumbue zingine. Picha zenyewe ziko kwa diski ya nje, kontena inachungulia tu.

— Inachungulia, na majirani nao wanachungulia. Ploti nzima iko kwa waifai yako. Chovya chovya humaliza buyu la asali.

— Hapana, hazijaisha, zimehama, Injinia akasema, na sasa alikuwa amegeuka mzima kwenye benchi. Si unaona gugumaji? Asubuhi ziwa yote ni majani, mashua haipiti. Jioni upepo umesukuma, hakuna hata moja. Yamekufa? Yameenda Homa Bay. Saa hii kuna mtu hapo Nyalenda amefungua simu yake, anaangalia baba yako.

— Na anajiuliza Shantel ni nani, Hansadi akaongeza.

Jacinta alicheka. Calvince hakucheka. Ni yeye aliyeshika kamera siku ile. Ni yeye aliyemwambia baba yake, usijali, hii haitapotea.

Mwanamke mmoja alikuwa amesimama karibu na jiko, akingoja kahawa yake ipoe. Alikuwa amehamia ploti ya nyuma wiki hiyo, na jina lake, Nekoye, lilikuwa linajulikana na Jacinta peke yake.

— Samahani wazee, akasema. Mimi ni wa samaki, nauza Nyamasaria, haya maneno ya kontena siyajui. Lakini kwetu stima ikirudi, friji inaamka yenyewe. Friza haiamki mpaka uibonyeze. Hiyo diski ya nje, yenyewe iliamka?

Calvince aliweka kikombe chini na kwenda, bila hata kuaga.

Nyumbani alipiga magoti nyuma ya meza. Taa ya kompyuta ilikuwa inawaka. Ya diski ya nje ilikuwa imezima. Akakaa hapo sakafuni, akaelewa: kontena iliamka peke yake, ikachungulia pale diski inapokaaga, ikakuta folda tupu. Simu yake nayo, kuona albamu haina kitu, ikaanza kutuma picha zake zote upya, zikajaza diski ndogo ya ndani ya kompyuta kabla hata moja haijaingia kwenye albamu. Imejaa na haina kitu. Hakuna kilichohama.

Alisimamisha programu kwanza. Akabonyeza kitufe cha diski, akasikia inaanza kuzunguka, akahakikisha kompyuta imeiona. Ndipo akaiwasha programu tena. Picha zikaanza kujitokeza, mstari kwa mstari. Akanakili ile video kwa simu, na kwa flashi pia, kisha akampigia dada yake.

— Njoo, akasema. Kuna kitu nataka uone kabla ya Jumamosi, usije ukalilia kanisani.

Shantel alifika na vibanio bado kichwani. Wakaketi kitandani. Kwenye kioo cha simu, baba yao alikuwa amejaza fremu kwa koti lake la harusi, kiunoni kwenda juu tu, akikunja uso.

— Imeanza? aliuliza. Haya. Nyara, binti yangu, mimi niko na wewe leo. Nimevaa kabisa. Juu ni koti. Chini usiulize.