Kiini Hakijaisha, Utuachie Kanku

Mgeni rasmi, Tata Muteba, baba yake Kanku wetu:

KARIBU
Karibu Musonoi, kwenye chumba chetu cha kompyuta. Kanku alitukataza tusikuite. Sisi hatukusikia la mtu.

TULIKOTOKA
Tunaunda mfumo wa uendeshaji, yaani programu inayoamka kwanza kompyuta ikiwashwa, ikaongoza nyingine zote. Tulitaka kiini chake, ile sehemu ya ndani inayobeba zote, kiwe kidogo. Lakini sisi ni watu wa hapa, Tata: jamaa akifika kutoka Kasai, nani atamwambia alale nje? Mwenzetu Omer akaleta programu yake ya kibodi, tukaiingiza kiinini. Noëlla akaleta ya mafaili, karibu nayo! Kiini kikavimba, na kibodi ikiugua, nyumba nzima inakufa.

Kanku akaja, akatazama, akapiga kelele: "Bote inje! Kila mutu na nyumba yake! Mukitaka kuongea, mutumiane ujumbe!" Tukazitoa programu zote kiinini, na Omer alinuna wiki nzima. Mutoto wako huyu wa kike ana mdomo, Tata, na tunampenda nao.

MAFANIKIO
Ni yeye aliyetufundisha kuandika kwa Rust, lugha inayokataa programu iguse kumbukumbu isiyo yake. Ukikosea, inagoma kabla mashine haijawaka. Mwanzoni tuliitukana sana. Leo asubuhi programu ya kibodi ya Omer ilianguka, ikainuliwa upya, na saa kwenye skrini haikusimama hata kidogo. Omer akamkumbatia Kanku mbele za watu. Utusamehe.

CHANGAMOTO
Umeme unakatika na viti havitoshi, lakini hayo tumezoea. Tumesikia kwamba Jumatatu Kanku anapelekwa Tenke, kupima mawe ya madini kwenye depo ya mjomba wake, wanakoyanunua kwa wachimbaji. Sehemu ya kupitisha ujumbe iko nusu, na nusu iliyobaki iko kichwani mwake. Tulijaribu kuiendeleza bila yeye. Ole wetu! Lugha yenyewe imetukataa sote.

MAOMBI
Tulikuwa tumeandika meza na betri. Tumevifuta. Tunajua nyumbani mko wengi na mkono wake unahitajika. Mama Marlène, mwenye depo ya hapa hapa, amekubali Kanku apime kwake asubuhi. Mchana aje kwetu, jioni arudi kwako. Ukikubali, Tata, useme leo mbele yake. Ukikataa, tunakuomba umwambie wewe kwaheri yetu, maana sisi kumuaga tumeshindwa.

Mungu akulindie nyumba yako na wote waliomo, na akubariki kwa kumzaa.

Ni sisi wenzake,
Kundi la Kiini Kidogo, Musonoi.