Fensi Mpya na Macho ya Babu Timazi

Nianze na kosa langu mwenyewe, maana nikianza na ya wenzangu nitajificha humo humo. Jioni moja nilikuwa peke yangu karakanani, nawahi ibada, nimeshika mlango wa zamani nataka kuupasua nipate mbao za rafu. Karakana yetu ina sharti moja: mbao iliyowahi kutumika haipiti kwenye msumeno wa mkanda kabla haijapitishiwa sumaku, isije ikawa na msumari ndani. Sharti hilo nililiandika mimi, kwa chaki, kwa herufi kubwa. Siku hiyo sikupitisha sumaku. Mkanda ukagonga msumari, cheche zikaruka, nikazima mashine. Nikauchomoa ule msumari, nikautupa chooni, nikaenda kusali.

Kesho yake Babu Timazi akapasua ubao wa kichwa cha kitanda. Ukatoka mnene huku, mwembamba kule. Huyu ndiye fundi mkubwa kuliko sote mle ndani, na jina hilo alipewa kwa sababu jicho lake lilikuwa timazi kweli: alikuambia mlango umelala upande kabla hujatafuta kipimo. Akautazama ule ubao, akaniuliza:

— Mkanda mzima huu?

— Mpya, babu. Nimeufunga wiki hii hii.

Ilikuwa kweli, niliufunga wiki ile. Hivyo ndivyo nilivyomdanganya, kwa maneno ya kweli. Akavua miwani, akaifuta kwa shati, akasema, "Basi ni macho yangu." Nami nikamwambia, "Pole, babu."

Pole ile haikukaa karakanani. Kinyozi wa jirani yetu aliisikia, akaipeleka kwa wateja wake. Haikupita wiki, watu wakawa wanamsimamisha babu njiani wampe pole ya macho. Na waliokuwa wamemwagizia vitanda wakaanza kuja kwangu wakinong'ona, je, siwezi kuimalizia mimi ile kazi.

Sasa kijiwe chetu kiko nje ya karakana, chini ya kibaraza cha kinyozi. Benchi tulilitengeneza kwa mabaki, miguu mitatu ya mbao na wa nne tofali, kwa hiyo anayekaa upande wa tofali hatakiwi kucheka sana. Muuza kahawa anaweka jiko lake pale saa nne asubuhi, birika moja, vikombe sita. Wenye benchi ni watatu. Kuna Waziri, fundi wa kuchomea vyuma, anayezungumza kama anazindua daraja. Kuna Injinia, fundi redio, ambaye kila akifunga redio ya mtu skrubu mbili zinabaki mezani. Na kuna kinyozi mwenyewe, tunamwita Shahidi, kwa sababu hakuna jambo lililotokea duniani yeye asiwepo. Hawa watatu hawana hata kipande cha mbao karakanani, lakini siku moja walikuwa wanajadili kama tununue fensi mpya ya msumeno au tusinunue, na sisi wenye karakana tunasikiliza.

Fensi ni ile reli ya chuma inayokaa juu ya meza ya msumeno; ubao unaiegemea ukipita, ili ukatike sawasawa. Ya kwetu ni kipande cha chuma tu, tunakibana kwa jiriwa. Hiyo mpya inateleza, ina vipimo pembeni, unaibana kwa mkono mmoja. Bei yake ni kodi ya karakana ya miezi mitatu. Mkanda mpya ungegharimu mlo wa siku mbili, lakini kuununua kungekuwa kukiri kwamba ule niliousifu umeharibika. Aliyeleta hoja ya fensi ni mimi. Nilifikiri, fensi mpya ikija lawama zitahamia kwa ile ya zamani, na mimi na babu tutapona pamoja. Nilifika hadi kuiombea. Yaani nilipiga magoti nikamwomba Mungu anifichie.

— Tununue, nikasema. Ile yetu imechoka.

— Imechoka kwa kazi gani? akauliza Waziri. Kazi yake ni kusimama. Mimi nimesimama mbele ya moto miaka ishirini, mmeniletea nani wa kunipokea?

— Wewe hujapinda.

— Njoo unione asubuhi ninavyotafuta kiatu.

— Tatizo si fensi, akasema Injinia. Ni umeme. Tangu wabadilishe ile transfoma, umeme unaingia na nguvu upande mmoja. Redio zote ninazoletewa siku hizi, spika ya kushoto ndiyo imekufa.

— Zinakufa ukishazifungua, akasema Shahidi.

— Niliikosea moja tu.

— Yangu.

— Ndiyo nasema, moja.

Shahidi akapokea kikombe chake, akakipuliza.

— Mimi hiyo fensi mpya nimeiona. Kwa macho haya. Nilipita karakana moja, fundi kaweka ubao, kaenda zake kunywa chai. Fensi inasogea yenyewe. Inapima, inasogea, inapima, inasogea. Fundi karudi, kakuta meza na viti vinne.

— Viti vinne.

— Na stuli.

— Stuli nani aliiagiza?

— Hata yeye alishangaa.

Waziri akakohoa, ile kohoa yake ya kuanza hotuba.

— Ndugu zangu, mnalaumu chuma bure. Mbao za siku hizi ndizo mbovu. Mti unapandwa kando ya barabara, malori yanapita usiku na mchana kuelekea upande mmoja. Miaka kumi na tano mti unasukumwa na upepo wa malori. Ukija kuupasua, unataka kwenda kule kule.

— Malori si yanarudi pia? nikauliza.

— Yanarudi matupu. Hayana upepo.

— Hapo kasema, akasema Injinia. Lakini hata bila malori, dunia yenyewe inazunguka. Mashine yenu inatazama barabarani, kwa hiyo mkanda unashuka huku dunia inaondoka. Lazima ikose ubao kidogo. Igeuzeni itazame ukutani, msinunue kitu.

— Na ukuta hauzunguki?

— Ukuta unazunguka pamoja na mashine. Ndiyo maana nasema ukutani.

— Wahenga walisema, akaanza Waziri kwa sauti nzito. Akanyamaza akitafuta walisema nini. Tukamsubiri. Akaomba aongezewe kahawa.

Babu Timazi alikuwa amekaa mwisho wa benchi, kikombe amekishika kwa mikono miwili. Mikono ile zamani ilishika kikombe kwa vidole viwili. Akasema taratibu:

— Inunuliwe. Fungu kubwa nitatoa mimi.

— Kwa nini wewe, babu? akauliza Shahidi.

— Kwa sababu ninyi mna macho. Mwenye macho hata kile chuma kinamtosha. Hiyo fensi ni ya kunisaidia mimi. Nitauza randa zangu.

Randa zake zilikuwa saba, za mbao, aliachiwa na fundi aliyemfundisha. Zilikuwa zimekula umbo la kiganja chake. Akiondoka jioni alizifunika kwa kitambaa, moja moja.

— Usiuze, babu, nikasema. Tutachanga.

— Zinanifaa nini randa, mwanangu, kama ubao wenyewe sijui umenyooka au haujanyooka?

— Pole na macho, babu, akasema Waziri, safari hii bila hotuba.

— Nimeshapoa, wanangu.

Hapo ndipo akatokea dada mmoja. Ni fundi cherehani, alikuwa amehamia chumba cha pili kutoka kwa kinyozi siku chache tu, hata jina la utani hatujampa. Alikuja kununua kahawa, akamwamkia babu shikamoo, akasubiri amiminiwe. Nadhani alikuwa ametusikia tangu dirishani kwake.

— Samahanini kaka zangu, akasema. Mimi mambo ya mbao siyajui. Lakini cherehani yangu ikianza kupinda mshono, meza siigusi. Naangalia sindano. Mara nyingi unakuta imegonga kifungo. Sasa huo mkanda wenu, kabla haujaanza kupinda, uligonga nini?

Waziri akamtazama Injinia. Injinia akamtazama Shahidi, ambaye huwa yupo kila mahali, na Shahidi akasema siku hizo alikuwa na homa. Kisha wote wakanitazama mimi, kwa kuwa mwenye ufunguo wa mashine ni mimi.

Najua jinsi meno ya mkanda yalivyo. Yanapishana, moja limelala kulia, moja kushoto. Ule msumari ulikuwa umeyala ya kulia tu. Ukiyatazama huoni kitu, lakini ukipitisha kidole unajua mara moja, na mkanda wa namna hiyo utakimbilia kushoto hata uuwekee ukuta wa zege. Nilikuwa nimekwisha kupitisha kidole, siku ile ile, kabla sijaenda kusali. Tangu hapo nikikata mimi, au nikimkatia mwenzangu, nilikilaza kile chuma kidogo kisiri kuufuata mkanda, ubao ukatoka sawa.

— Haujagonga kitu, nikasema.

— Haya, kaka. Nimeuliza tu.

Akachukua kahawa yake akaondoka. Babu Timazi akatikisa kichwa kidogo, akiniamini. Mungu alinifungulia mlango mchana kweupe, kwa mkono wa mtu asiyenijua, nami nikaufunga.

Fensi ikanunuliwa. Randa saba zikaenda. Siku ya kuifunga, wote wa kijiweni waliingia karakanani kuangalia, na tukasema wa kwanza kukata awe babu, kwa heshima yake. Alipima mara tatu. Akausukuma ubao pole pole, ukaanza kubanwa, ukatoa harufu ya kuungua, ukatoka mnene huku, mwembamba kule. Aliuweka chini kama mtu anayemlaza mtoto. Akavua aproni, akaitundika, akatuaga mmoja mmoja kwa mkono. Hakurudi.

Usiku ule sikulala. Asubuhi nilifika kabla ya wenzangu, nikafunga mkanda mpya nilioununua kwa pesa yangu, nikauviringisha ule mbovu nikautia kwenye gunia la maranda. Ubao wa kwanza ukatoka umenyooka. Saa nne Waziri akauchukua akawaonyesha watu barabarani.

— Fensi hiyo, akasema. Fedha haikupotea.

— Ililala usiku mmoja ikaizoea mashine, akasema Injinia.

— Kumbe kweli yalikuwa macho ya mzee, akasema Shahidi.

Nami nilikuwepo, nikanywa kahawa yangu. Miezi minne niliinywa. Kazi za babu zote zilihamia kwangu, na nilizifanya vizuri, na watu walinisifu, na kila sadaka niliyotoa ilitoka humo.

Wiki iliyopita nilikwenda kwake. Nilimkuta barazani, amekaa tu. Nilimwambia yote, nikiwa nimesimama, maana sikuona kama nastahili kukaa. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza:

— Msumari wenyewe wa inchi ngapi?

— Inchi tatu, babu.

— Wa inchi tatu unatosha, akasema. Kwa hiyo miezi yote hii macho yangu ni mazima?

— Mazima, babu.

— Mimi niliacha mpaka kusoma. Mke wangu ndiye alikuwa ananisomea.

Alimwita mkewe amletee miwani, na nilipoondoka alikuwa anautazama ukingo wa mlango wake, juu mpaka chini, jicho moja amelifumba.

Kesho yake niliyasema yote kijiweni. Waziri alitazama tofali. Injinia akasema, "Basi haukuwa umeme," na hakuna aliyecheka. Yule dada wa cherehani alikuwa amesimama pale na kikombe chake, akanitazama mara moja tu, akarudi ndani kwake. Muuza kahawa akageuza birika, yakatoka machicha. Randa nimezitafuta. Aliyezinunua aliziuza moja moja, hakumbuki kwa nani. Nimempelekea babu za kwangu. Amepokea mbili, nyingine amesema hazimkai mkononi.

Sikuandika haya ili unionee huruma. Nimeandika kwa sababu uongo wangu ulifika nyumba nyingi, na mimi miguu yangu haitafika kote. Babu Timazi ameanza tena kazi, pale barazani kwake, nyumba ya tatu kutoka kwenye bomba la maji. Kama una kitanda cha kutengeneza, au mlango, au hata kiti kimoja kilicholegea, naomba umpelekee yeye. Usiniletee mimi.