Nyota Mbili na Yule wa Kijani

Baada ya miaka ishirini na tisa na miezi minne ya kuhakiki katuni zilizotengenezwa kutokana na gemu za video, mwenzetu Nyota Mbili anastaafu Ijumaa hii, tarehe thelathini, saa kumi kamili jioni. Saa tumeitaja kwa sababu kuna mtu ameiulizia mara tatu. Tutamfikia.

Aliajiriwa kusahihisha matangazo ya vifo, kazi iliyomfaa kwa tabia. Mhariri mkuu wa wakati ule alipoamua gazeti liwe na safu ya katuni za gemu, alizunguka chumba cha habari akitafuta mtu asiye na la kufanya. Siku hiyo hapakuwa na aliyekufa.

Kazi aliishika kwa mikono miwili. Jina lilimganda kwa sababu nyota mbili kati ya tano ndizo alizotoa karibu kila wiki, iwe ni katuni ya magari, ya majoka au ya matofali yanayoanguka. Hoja zake zilikuwa nzito. Kama shujaa ana roho tatu kwenye gemu, kwenye katuni anaogopaje kuanguka? Na mtu aliyekwenda kulia tu maisha yake yote, inakuwaje dakika ya nne anageuka kushoto bila maelezo? Kuhusu hiyo kushoto aliwaandikia watengenezaji barua mbili. Hawajajibu, naye hajasamehe.

Nyota tano alitoa mara moja tu, mwaka wake wa tatu kwenye safu. Jumamosi moja mchana alifika nyumbani, akamwambia binti yake wa miaka minane amwekee kanda ya filamu iliyomo mkobani, kisha akainama kuvua viatu. Mkobani hamkuwa na kanda; ilibaki kwenye droo ya ofisi. Binti akawasha gemu yenyewe iliyozaa filamu hiyo, ya watu wawili. Pedi moja ya kuchezea akaishika yeye, ya pili akaiweka kwenye kiti cha baba. Baba akaisogeza, akaketi, akashika kalamu. Na sheria ya nyumba ile ilijulikana: baba akishika kalamu, hasemeshwi.

Aliandika dakika arobaini. Uhakiki huo bado tunao. Alisifu jinsi mhusika wa manjano alivyomzunguka mwenzake wa kijani, akimruka kichwani, akimletea matunda na kuyabwaga miguuni pake, huku wa kijani amesimama palepale, anapumua. Hajapata kuona, aliandika, katuni iliyothubutu kuonyesha hivyo jinsi mtu anavyosubiriwa. Kasoro aliyoiona ni moja: hakuelewa huyo wa kijani yuko pale kwa kazi gani.

Gazeti likatoka. Siku mbili baadaye dada wa mapokezi akaikuta kanda drooni, plastiki haijachanwa. Nyota Mbili akarudi nyumbani kumuuliza binti yake walitazama nini. Binti akamweleza, bila kinyongo, kwamba yule wa kijani alikuwa yeye, baba.

Wiki iliyofuata alichapisha masahihisho: filamu ameiona, nyota mbili. Tangu hapo kila uhakiki wake ulianza kwa kuthibitisha kwamba ameitazama katuni husika. Zile nyota tano aligoma kuzifuta. Alimwahidi binti yake kwamba watacheza akishamaliza safu, lakini safu ni ya kila wiki. Alitusimulia hayo mara moja tu, akipanga karatasi zake, akasema yanamuuma. Kisha akaomba stepla.

Binti huyo sasa ni daktari wa meno. Ndiye anayepiga simu mapokezi kuuliza kama saa kumi ni saa kumi kweli. Gemu ile anayo mpaka leo, na inawaka ukiipiga kofi ubavuni. Uhakiki wa mwisho tumeshaupokea tangu Jumatano. Nyota mbili.

Asante kwa kazi yako yote, mzee wetu. Tunakutakia maisha mema, marefu, na ukipenda geuka kushoto. Kalamu iache mapokezi. Dada ameagizwa asikuruhusu kutoka nayo.