Tulimpima Mwenye Jina

Mheshimiwa Mwakilishi wa Wadi, Chifu wetu, Daktari msimamizi wa kituo, viongozi wa makanisa na wa msikiti, wauguzi wenzangu, ndugu wageni waalikwa, na ninyi majirani wa Shauri Moyo ambao hamkualikwa lakini mmesikia harufu ya pilau: hamjambo?

Mmenisifu tangu saa nne, na nimesikia mambo kunihusu ambayo hata mume wangu hayajui. Nimekuwa muuguzi miaka thelathini na mmoja, na desturi ya siku kama hii ni kwamba anayestaafu husimulia alivyofaulu. Mimi nitasimulia nilivyokosea. Teresiah, yule aliyeketi safu ya pili na kitambaa cha kijani, ameniruhusu. Nilipomwomba alinijibu, "Sista, sema yote, na jina langu ulitaje. Sitaki kuwa 'mgonjwa fulani'."

Baba yake, Mzee Kabiru, fundi wa masanduku ya bati huko Gikomba, mnamjua. Mama yake Kabiru, Nyawira, alifariki tumbo likiwa limejaa maji. Dada yake Kabiru akafuata akiwa na miaka arobaini na minane, na safari hii hospitali ikautaja ugonjwa: saratani ya ovari. Daktari akasema huenda unatembea katika ukoo, kupitia jeni yenye hitilafu ambayo mtoto huirithi kwa mzazi. Wakati huo kulikuwa na utafiti uliopima damu bure, nafasi moja kwa kila familia.

Familia ikakaa, nami nipo na fomu yangu. Je, apimwe nani? Hapakuwa na ubishi. Mnajua kwetu binti wa kwanza hupewa jina la mama wa baba, na wa pili jina la mama wa mama. Binti wa kwanza wa Kabiru ni Nyawira, na baba yake humwita "mama" mpaka leo. Ana mwanya wa nyanya yake, ana mwendo wake, hata hasira ni zile zile. Wazee wakasema, "Kama kuna kitu nyanya aliacha, amemwachia huyu." Teresiah ana jina la upande wa mama, upande ambao watu hufa na miaka tisini wakilalamika kwamba chai ni baridi. Basi akaambiwa yeye yuko salama, akatumwa jikoni.

Na mimi niliyesomea kazi hii, nilifanya nini? Niliandika "Nyawira" kwa kalamu yangu, nikakunja fomu. Nilijua kwamba kila mtoto wa mzazi mwenye hitilafu hiyo ana nafasi nusu kwa nusu ya kuirithi, awe na jina la nani. Nilijua pia kwamba baba huipitisha sawasawa na mama. Lakini niliona haya kubishana na wazee, na mila yenyewe ni yangu. Majibu ya Nyawira yakaja safi. Mbuzi akachinjwa, nami nikala.

Miaka miwili baadaye tumbo la Teresiah likaanza kufura. Miezi mitano alimeza dawa za vidonda vya tumbo huku akilegeza sketi. Alipofika kwa daktari wa saratani, ugonjwa ulikuwa umesambaa. Wakampima damu: anayo. Wakampima Kabiru: anayo. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini sisi hatukuficha. Tulitafuta, ila tulitafuta kwa mtu mmoja tu.

Ikanibidi nimweleze jambo lingine gumu. Wanawake wanaopata saratani hii kwa kurithi, mara nyingi, si kila mara, dawa huwakubali vizuri kuliko wenzao, na wengi huishi muda mrefu kidogo. Teresiah alinitazama. "Kwa hivyo kilichoniletea ugonjwa ndicho kinasaidia dawa? Sista, hiyo hesabu ni ya wapi?" Alipasuliwa, akatiwa dawa, ugonjwa ukatulia, ukarudi, umetulia tena. Huu ni mwaka wa nne. Lakini ile miaka miwili ambayo angeweza kutolewa ovari kabla hazijaugua, mimi nilichangia kumnyima, na inaniuma. Nimemwambia yeye, na sasa nawaambia ninyi.

Amebaki kaka yao, Mureithi, mfawidhi wa sherehe yetu leo, huyu bingwa wa kuchekesha, anayeishi mtaa wa Pipeline na mabinti wawili watu wazima. Miaka minne amenijibu neno lile lile: "Sista, mimi ni mwanaume, hiyo ovari nitaitoa wapi?" Watu hucheka, naye hupita. Kupimwa ni hiari, sikumlazimisha. Lakini mabinti wake hawakujua kwamba kuna jambo la kuamua, na hilo ndilo lililoninyima usingizi.

Leo asubuhi, tukipanga viti, alinijia bila mzaha. "Saado anaanza lini?" Saado ndiye muuguzi anayechukua meza yangu. Nikamwambia Jumatatu, saa mbili. Akakunja kiti, akakikunjua tena. "Nimeongea na wasichana jana. Tutakuja watatu. Hata ukitaka kulisema kwa maiki, liseme, nisije nikarudi nyuma."

Nimelisema, Mureithi.

Nawashukuru nyote kwa kunitegea sikio na kwa kunivumilia miaka hii yote. Na wewe Saado, Jumatatu wakifika, tafadhali andika majina yote matatu.